Vigae Nilivyoviosha kwa Siki

Jumatatu, 4 Machi

Blandine, mjukuu wangu, ukilikuta daftari hili juu ya meza ya jikoni, kaa chini kwanza nikuseme. Wakati wa kuvuna zabibu hukuja. Krismasi hukuja. Simu, simu, simu! Simu haina mashavu ya kubusu. Sasa soma uone bibi yako anavyohangaika, na wewe uko Lyon unapanda ngazi na tumbo la miezi sita. Herufi hizi nilifundishwa na marehemu babu yako hapa hapa mezani. Shule sikuikanyaga. Zikipinda, mlaumu yeye.

Habari yenyewe ni nyumba yako, ile mtakayojenga shambani kwangu. Mumeo kasema kibali kisipotoka kabla ya Pasaka, mnanunua fleti huko huko. Na leo ofisi ya kijiji wananiambia kibali hakitoki mpaka watu wa mambo ya kale wapite shambani. Wanakuja Ijumaa. Wakiona vigae vingi vya vyungu vya kale, watachimba. Wakianza kuchimba, mtoto wako atazaliwa, ataota meno na ataoa kabla hawajamaliza.

Na vigae vimejaa! Tangu tung'oe mizabibu ya zamani na mvua inyeshe, shamba zima linametameta. Vyeusi vya Wagiriki, laini kama kitufe cha koti. Vya kijivu vya Waselti, wale wenyeji wa kilimani. Vyekundu vya Warumi. Miaka sitini naviinamia. Navijua kama vikombe vyangu.

Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi

Nimeokota kutwa nzima. Ndoo sita! Mgongo umekataa kunyooka, nimekunywa supu nikiwa nimeinama.

Vikae wapi sasa? Kisimani, hapana, maji nakunywa. Kwa padri, atauliza. Nikaangalia ng'ambo ya njia: shamba la Odilon. Jeupe, tupu, linasubiri. Mtu ambaye miaka arobaini anawaambia watu divai yangu inafaa kumwagia saladi.

Jumatano, 6 Machi

Nimeviosha vyote. Siki na brashi, kimoja kimoja, mpaka vikang'aa. Usicheke. Siwezi kumpelekea jirani kitu kichafu, hata awe Odilon. Mama yangu angefufuka anichape.

Alhamisi, 7 Machi

Saa nane mchana Odilon huenda uwanjani kurusha tufe zake za chuma na wazee wenzake. Hakosi. Nimekwenda na toroli mara tatu, nimemwaga, nimetawanya kama nalisha kuku. Hakuna aliyeniona ila mbwa wake. Nimempa soseji.

Ijumaa, 8 Machi

Wamekuja wanne. Mkubwa wao ni msichana anaitwa Apolline, mwembamba kama mti wa kuegemeza maharage. Walijipanga mstari, wakatembea shamba zima macho chini. Hawakupata kitu. Hata msumari!

Niliwakalisha, nikawapakulia maharage na bata. Apolline alikula sahani mbili, maskini, sijui kwao wanamlisha nini. Akaniambia miaka kumi na tano ya kazi hajaona shamba safi namna hii, hata uwanja wa kuegesha magari una vigae vyake. Nikamjibu mimi ni mwanamke msafi.

Baadaye wakavuka njia kutazama kwa jirani. Dakika tano tu, nikasikia mayowe.

Ushindi! Nimefungua chupa peke yangu.

Jumapili, 10 Machi

Huwezi kuamini. Odilon yumo gazetini! Picha kubwa, kavaa kofia ya harusi ya kaka yake. Baada ya misa watu walipanga foleni kumpa mkono. Wanasema kijiji kitaweka kibao chenye jina lake.

Apolline ana jambo moja tu linalomsumbua: vigae vinanuka siki. Odilon, bila haya, akamweleza kwamba ukoo wao wameuza divai tangu enzi za Wagiriki, na divai ikikaa miaka elfu mbili lazima ichache. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Nimenyamaza. Kwa ajili yako nimenyamaza. Nimeuma leso mpaka imetoboka.

Jumanne, 12 Machi

Nimeharibu.

Nilikuwa kwa mwoka mikate. Odilon yuko mbele yangu, anasimulia kwa mara ya mia. Mwoka mikate akamuuliza mbona kwa Honorine hawakupata kitu. Odilon akageuka, akanitazama kwa huruma. Huruma! Akasema:

"Pale kwa Honorine? Pale ni malisho ya mbuzi, mama. Hata Mrumi aliyebanwa na mkojo angevuka njia aje kwangu."

Blandine, babu yako alilima pale miaka hamsini. Pale ndipo aliponiposa, mstari wa nne, mikono yake ikiwa ya bluu kwa dawa ya mizabibu.

Nikasema, na duka zima likasikia: "Vile vigae ni vyangu, we mzee. Vyote ndoo sita. Nimeviosha kwa mikono hii hii."

Odilon akawa mwekundu kama kigae cha Kirumi. Nilisikia utamu moyoni kwa pumzi mbili hivi. Kisha nikageuka kutoka, na nyuma yangu alikuwa amesimama Apolline, mkate kwapani.

Jumatano, 13 Machi

Apolline amekuja asubuhi. Afadhali angefoka. Alikaa tu, machozi yanamlengalenga, akanieleza kwamba kigae kikiondolewa mahali pake hakisemi tena nani alikaa wapi. Nimewanyamazisha watu wa miaka elfu mbili, kasema.

Nikamwambia nyumba ni ya mjukuu wangu, na nataka kusikia mtoto akilia ng'ambo ya ukuta kabla sijafa. Akaomba kahawa. Kisha akauliza, bila kutegemea jibu, kama nakumbuka nilivyookota.

Kama nakumbuka! Tumetembea mpaka jua likatua, yeye na kamba na vijiti. Mpini huu mweusi, mstari wa saba, pale ulipokuwa ule mzabibu mvivu. Hiki cha kijivu, pale babu yako alipovunja jembe. Mia mbili na zaidi! Akaandika mpaka kalamu ikaisha wino. Akasema yuko tayari kuniajiri. Nikamwambia ale kwanza.

Vyote vilitoka upande wa juu. Chini, penye mtini, sikuwahi kuona kitu maisha yangu yote. Kasema watapima huko chini. Pakiwa patupu, jenga.

Ijumaa, 22 Machi

Mashine imechimba chini siku mbili. Wamepata kiatu cha babu yako. Kimoja. Nilikitafuta tangu mwaka wa ndoa.

Apolline ametia sahihi! Ofisi ya kijiji wamesema kibali kinatoka wiki ijayo. Juu watachimba wao taratibu majira ya joto, na kibao kitakuwa na jina langu. Odilon hanisalimii. Raha iliyoje! Apolline amenikumbatia, akaniapisha kwamba sitagusa tena kigae chochote. Nimeapa, mkono juu ya moyo.

Wakati wanapakia vifaa vyao nikaona kitu kinametameta kwenye kifusi karibu na mtini. Mpini wa kikombe, mweusi, mzuri, na kipande cha farasi aliyechorwa. Mguu wangu ukakikanyaga wenyewe. Kisha kikaingia mfukoni mwa aproni, sijui vipi.

Sasa kimo kwenye bakuli la siki, nyuma ya mtungi wa zeituni.

Ukija Pasaka, pitia njia ya nyuma, usimsalimie Apolline kwa muda mrefu, na uje na mkoba wenye zipu. Kuna kitu kidogo utaondoka nacho kwenda Lyon.