Sinia ya Bibi Mahututi

Sugaya Tatsunori alipoiona ile sinia nyekundu kwenye karakana ya Isogai Mitsuyo, mjini Kamakura, alitulia kama mtu aliyefika nyumbani. Ilichongwa maua, ikapakwa utomvu mweusi, kisha mwekundu, na vumbi la matete likasuguliwa katika mabonde ya nakshi hadi ikaonekana imekaa hekaluni karne tatu. Ilikuwa imemalizwa juzi.

"Ina mwenyewe," alisema Isogai, patasi ikiendelea na kazi.

"Bibi yangu yu mahututi, dada. Anatamani aandaliwe chai kwenye sinia kama hii, mara moja tu."

Bibi huyo alikwisha kufa katika miji sita. Isogai akaona huruma, akaitoa kwa nusu bei, na Sugaya akamaliza akiba yake yote.

"Utomvu haujakomaa, bado unawasha ngozi," Isogai alionya. "Iweke kwenye kabati lenye unyevu mpaka mwisho wa mwezi. Usiishike kwa mikono mitupu."

"Bibi hana mwisho wa mwezi," alijibu Sugaya, akaikumbatia, akaondoka.

Siku mbili aliisugua kwa viganja ili ipate mng'ao wa uzee. Siku ya tatu aliitua mbele ya Orihara Fusae, muuza vitu vya kale.

"Ya hekalu lililofungwa, mama. Laki tano, kwa kuwa ni wewe."

Orihara hakuigusa. Alivitazama viganja vya mgeni, vilivyoanza kuwa vyekundu. "Kaa, tunywe chai."

Chai ilikuwa ya moto, na joto likaamsha kilicholala chini ya ngozi. Sugaya akajikuna chini ya meza kwa adabu zote.

"Unawashwa, mwanangu?"

"Mbu."

"Februari hii?"

"Basi laki tatu."

"Mbu wa baridi ni wakali. Nikuongeze chai?"

Kikombe cha tatu kilipoisha, jicho moja lilikuwa limevimba hadi likafumba. "Elfu hamsini, tumalizane."

"Nitakupa ya teksi hadi kwa daktari wa ngozi."

Alipokea, akaiacha sinia mezani. Mlangoni akageuka, apate japo faraja ya kumcheka. "Haya, mtafute mjinga wa kumuuzia hicho cha kale cha juzijuzi."

"Vya kale vimenijazia duka, havina mnunuzi. Hii ni kazi mpya ya Isogai, na wateja wake wanasubiri miaka minne. Yupo atakayenipa laki nane leo jioni. Ungesema ukweli, hizo laki tano ningekupa kabla ya chai."

Sugaya alikuwa na jibu, tena zuri. Lakini midomo ilikwisha kuvimba, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake maneno yakakataa kutoka.