Sabuni ya Mama Mujinga

Stanislas alipoiona foleni ya watu kwenye bomba la maji la Makomeno, mate yalimjaa. Akajipaka unga wa binzari ya manjano kiganjani, akaweka sawa miwani yake myeusi, akaanza kusalimia mmoja mmoja kwa mkono, kama mgombea ubunge.

Kwetu Lubumbashi ukikataa mkono wa mtu umemtukana mpaka babu yake. Huo ndio mtaji wa mshenzi yule.

"Mama yangu! Angalia kiganja yako, manjano! Ni jaunisse, ini inakufa. Bahati yako, niko na dawa."

Kufika saa nne ameuza chupa kumi na moja za maji ya majani ya mpapai. Watu wazima, wengine wamesoma chuo kikuu cha Kasapa, walilipa huku wakitetemeka. Diploma zote zile, za kazi gani?

Akamfikia Mama Mujinga, muuguzi mstaafu, akamshika mkono na kumwonyesha manjano. Huyu hakutetemeka. Akachukua sabuni, akanawa mbele ya wote. Manjano ikatoka.

"Jaunisse haitoke na sabuni, mutoto wangu. Inaonekana mu macho. Mikojo inakuwa nyeusi sawa chai, choo nyeupe sawa bukari ya unga ya muhindi, ngozi inawasha. Malaria inaileta, virusi ya ini, pombe pia. Toa miwani."

"Ya nini, mama?"

Akamvua mwenyewe. Foleni nzima ikaguna. Macho ya Stanislas yalikuwa manjano kama kiini cha yai.

"Ah, mama, umenipakaa!" akacheka.

"Mu macho? Sabuni hiyo. Nawa."

Alinawa mpaka machozi yakamtiririka. Manjano ikabaki. Ndipo akakumbuka mkojo wake wa asubuhi, mweusi kama chai, na lutuku, ile pombe kali anayokunywa kila siku.

"Mama, nisaidie! Sitaki kufa!"

"Dawa si iko mu mufuko yako? Kunywa. Kama haiponyeshe, sema, nikupeleke hopitali."

Wateja kumi na mmoja wakamzunguka, kila mmoja na chupa yake.

"Ni majani ya mpapai," akanong'ona.

"Batu ya nyuma habasikie," akasema Mama Mujinga.

"MAJANI YA MPAPAI!"

Walichukua pesa zao, kisha koti na viatu vyake, fidia ya usumbufu. Mama Mujinga akamshika sikio, akampeleka hospitali pekupeku, akimtukana njia nzima.

Langoni Stanislas, kwa mazoea, akamnyooshea mlinzi mkono. Mlinzi akayatazama yale macho, akaficha mikono yake mifukoni.