Mkaa wa Tangi la Daktari wa Meno

Jumatatu, tarehe 4

Mwanangu sasa hivi kachovya kandambili yangu kwenye kopo la maji ya samaki, kisha kailamba. Chumvi! Kakunja uso kama bibi yake akionja mapishi yangu. Nimecheka, halafu nikampokonya kopo. Maji hayo nampelekea kesho muuza samaki wa mapambo ayatazame.

Maana tangi la samaki la kwa daktari wa meno, ninakopiga deki, limegeuka manjano kama chai ya mgonjwa. Daktari kasafiri, anarudi Ijumaa. Kasema atakayeling'arisha atakabidhiwa tangi pamoja na kile chumba kidogo cha nyuma yake. Chumba! Ningekwenda kazini na mwanangu. Asingeshinda tena kwa mama mkwe akililia mlangoni. Dada wa mapokezi, Bi Kucha, naye anakitaka. Eti atundike kioo!

Jumanne, tarehe 5

Muuza samaki kanionyesha vitu vya kutia kwenye kichujio. Mkaa, wa kuondoa umanjano na harufu. Punje za rangi ya kutu, zinanyonya kinacholisha ukoko wa kijani unaoota tangini. Shanga nyeupe ndogo ndogo, za kunasa uchafu ulioyeyuka. Kasema shida yangu ni umanjano tu, nichukue mkaa, kidogo, niusuuze kwanza.

Nikautazama. Mkaa ni mkaa! Nyumbani tuna nusu gunia. Nimeutwanga kwenye kinu cha mama mkwe. Kaniuliza kama leo tunakula mkaa.

Jumatano, tarehe 6

Maji meusi tii. Mgonjwa kauliza samaki wako wapi. Hata mimi sijui. Bi Kucha naye: shoga, umepika nini humo, na kitaiva saa ngapi?

Nimekimbia kwa muuza samaki. Kashika kichwa. Mkaa wa jikoni una vumbi na majivu, kasema, si wa kuchujia. Kanichanganyia maji mapya ya chumvi. Nimebeba ndoo mpaka mgongo ukalia. Nami nikalia.

Alhamisi, tarehe 7

Nimenunua mkaa wake. Na punje. Na shanga. Kama kila kimoja kinatibu kitu kimoja, vyote pamoja si vitatibu kila kitu? Nimeshindilia mfuko wa kichujio mpaka ukagoma kufungika.

Mchana maji yaling'aa kama hayapo! Nikapiga vigelegele peke yangu.

Jioni samaki mwenye mistari, ambaye mwanangu humwita Kaka, kalala ubavu, anahema. Mungu wangu! Nikasimama na deki mkononi kama nguzo. Bi Kucha ndiye aliyempigia simu muuza samaki. Kaja mbio, kautoa mfuko, kasema nimewabadilishia samaki maji ghafla mno. Taratibu, Kaka kainuka.

Ijumaa, tarehe 8

Daktari karudi. Kauliza nani kawaokoa samaki. Chumba kapewa Bi Kucha. Kioo kishatundikwa.

Asubuhi mwanangu alining'ang'ania sketi mlangoni. Nilimbandua kidole kimoja kimoja. Jumatatu itakuwa vilevile, na Jumanne. Sina hamu hata ya kula.

Ila punje zimebaki tele. Shanga pia. Na nimegundua maji ya kunywa ya wagonjwa pale ukumbini yananuka bomba, wala daktari hana habari! Nikiyatengeneza kimyakimya, atakosaje kunipa hata kile chumba cha ndoo? Naanza na kikombe kimoja cha punje, nikiona harufu ipo palepale naongeza cha pili, halafu shanga zote kwa mpi... Abee, mama! Nakuja, namalizia tu ku