Kisanduku Chenye Plasta

Injinia aliusoma utajiri wake kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya simu, akiwa anachokonoa meno. Tangazo lilikuwa na mihuri miwili na sahihi moja isiyosomeka, kama ilivyo kawaida ya watu wanaofanya jambo wasilotaka kuulizwa. Lilisema kuanzia Jumatatu waya zote za simu za mezani mtaani zitakatwa kwa ajili ya maendeleo. Mwenye malalamiko apige simu.

"Apige kwa simu gani?" aliuliza mzee mmoja nyuma yake.

"Ndiyo maana niko hapa, baba," alijibu Injinia, ingawa dakika moja kabla alikuwa pale kwa sababu ya kivuli tu.

Jina la Injinia alijipa mwenyewe. Shule ambayo angesomea uinjinia haijajengwa mpaka leo. Pesa za kuijenga zilipita mezani kwa wakubwa, na meza za wakubwa zina njaa. Basi tusimlaumu sana. Nchi ambayo waziri hajui kazi ya wizara yake, kuna ubaya gani fundi asijue kazi ya bisibisi?

Kufika Jumatano alikuwa na katoni nzima ya visanduku vyeusi, kila kimoja ukubwa wa nusu mche wa sabuni. Alivipata kwa mtunza stoo wa ofisi moja iliyofungwa. Mgongoni mwa kisanduku kuna matundu matatu: la umeme, la waya unaotoka kwenye ruta ya intaneti, na la simu. Ukishachomeka vyote, simu yako ya zamani, ileile yenye mkonga mzito, inapita kwenye intaneti na kuita kama ilivyokuwa ikiita. Na namba haikai tena nyumbani kwako. Inakaa ndani ya kisanduku. Kisanduku kikihama, namba inahama nacho.

Hapo hakuna utapeli. Utapeli ulikuwa kwenye siku saba.

Kampuni ya laini za simu za intaneti huwapa wateja wapya siku saba za majaribio bila malipo. Injinia alijaza fomu za majaribio kwa majina aliyoyatoa kwenye daftari la wapiga kura, ambalo nusu yake ni marehemu wasiochoka kupiga kura. Kila kisanduku alikiwekea marehemu wake. Siku ya nane simu inakata roho. Mteja anampigia Injinia. Injinia anasema, "Chomoa, subiri dakika mbili, chomeka." Mteja anachomoa, anasubiri, anachomeka, kimya. Injinia anakuja na mkoba, anakunja uso kama daktari, anatoza ada ya kuzibua laini, anaweka marehemu mwingine. Mtaa ulikuwa na marehemu wa kutosha miaka kumi.

Kisanduku kimoja tu kilikuwa cha kweli: chake mwenyewe. Hicho kilikuwa na laini ya mwaka mzima, aliyoilipia kabisa, kwa jina la "Mhandisi Mkuu" asiyepo duniani. Ili asikichanganye na vingine alikibandika kipande cha plasta ya kidonda tumboni. Namba ya kisanduku hicho ilikuwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni na kwenye kila nguzo ya mtaa. Ndiyo ilikuwa duka lake, shamba lake na digrii yake. Tena kisanduku hicho ndicho alichomfungia mteja kwanza kwa majaribio, kwa kuwa hakijawahi kumwaibisha. Mteja akishasikia sauti safi na kulipa, Injinia anaomba maji ya kunywa. Mteja akirudi na glasi, kisanduku chenye plasta kiko mkobani na chenye marehemu kiko mezani.

Mkubwa wa kwanza kuingia mtegoni alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Alinunua vinne.

"Vinne vya nini, mheshimiwa?"

"Vya wananchi. Nitaviweka ofisini, watakuja kupiga simu kwa mchango mdogo."

"Mchango wa nini?"

"We injinia au mwandishi wa habari?"

Injinia alicheka mpaka kitambulisho kikaruka kifuani. Alipenda kufanya kazi na viongozi, hawakawii kuelewa.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa ya Bi Opareta. Miaka thelathini huyu mama alikaa kwenye mtambo wa kuunganishia simu, kisikilizio sikioni, akiwaunganisha wakubwa na wake zao, na pengine na wasio wake zao, na siri zote akazifungia kifuani. Shukrani aliyopewa ni barua ya mistari miwili na saa ya ukutani isiyo na betri. Kiinua mgongo kilikuwa njiani. Kiko njiani hadi leo.

Alikuwa na dada mkubwa, mgonjwa wa kitandani, mji wa mbali. Kila siku saa kumi jioni walizungumza kwa simu. Dada alikuwa haoni vizuri, simu ya mkononi ilimpotelea kwenye shuka, lakini mkonga wa simu ya mezani aliujua kwa kuupapasa. Huko kwa dada wakubwa hawajafika kukata waya. Bi Opareta naye akipiga simu ya mezani kwa simu ya mkononi, salio linaisha kabla hajauliza kama dawa zimenywewa. Siku kumi na moja sasa saa kumi ilikuwa inafika na kuondoka bila sauti. Mtu aliyezoea sauti moja katika nyumba, ikinyamaza, hata kijiko kikianguka anageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kwenye nguzo?"

"Ndiye mwenyewe. Ruta iko wapi?"

"Chumbani kwa mjukuu wangu. Yupo chuo, kaniachia bili. Waya umefika mpaka hapa sebuleni."

Injinia alitoa kisanduku chake cha plasta, akakichomeka kwa mbwembwe. Taa tatu za kijani zikawaka moja baada ya nyingine.

"Utaratibu ni huu, mama. Ikigoma, usianze na kisanduku. Nenda kwenye ruta, ichomoe, simama hapohapo, hesabu dakika mbili kamili, chomeka. Usimwachie mtu, usiondoke. Ukiharakisha unaua kifaa."

"Dakika mbili."

"Kamili. Haya, inua usikie."

Bi Opareta aliinua mkonga. Sasa, watu wa mtambo wana mazoea yao: hawapokei laini mpaka laini yenyewe ijitaje. Zamani walimwuliza fundi wa juu ya nguzo. Siku hizi, kwenye karatasi ya maelekezo ya jirani aliyenunua kisanduku kama hicho dukani, Bi Opareta alikuwa amesoma kwamba ukibonyeza nyota mara nne, kisanduku kinaongea. Injinia hakujua. Karatasi za maelekezo alizitumia kufungia karanga.

Nyota, nyota, nyota, nyota.

Sauti ya kike, tulivu kama ya muuguzi, ikamnong'oneza sikioni namba ya laini, tarakimu moja moja. Bi Opareta alisikiliza huku macho yakiwa kwenye kifua cha Injinia. Tarakimu zilizokuwa zinasomwa zilikuwa zilezile zilizoning'inia shingoni mwake.

"Vipi, mama? Safi?"

"Safi sana, mwanangu. Mpaka napendezwa."

Alilipa papo hapo, bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo fundi mwenye akili lingemtisha.

"Mama, koo limenikauka. Naomba maji."

"Maji tu? Ngoja."

Alikwenda jikoni. Njiani akapita chumbani kwa mjukuu, akaulegeza waya wa ruta kidogo tu, kama mtu anayelegeza kifungo cha blauzi. Aliporudi na glasi, kisanduku kilichokuwa mezani kilikuwa kisafi tumboni, na mkoba wa Injinia umefungwa.

"Mbona taa ya katikati imezimika?" aliuliza.

Injinia akainama. Kweli, imezimika. Hakulitegemea hilo, marehemu wake walikuwa na kawaida ya kusubiri wiki.

"Itakuwa ruta, mama. Hebu..."

"Usiniachie mimi, mwanangu, nitaharakisha niue kifaa. Si ulisema mtu asimame hapohapo? Dakika mbili?"

"Kamili," alisema Injinia, kwa kuwa hakuna mtego mzito kama sheria uliyoitunga mwenyewe mbele ya shahidi.

Akaingia chumbani. Bi Opareta akasikia akichomoa, na akaanza kuhesabu kwa sauti kutoka sebuleni ili kumsaidia. "Moja... mbili... tatu..." Kufika thelathini mkoba ulikuwa wazi. Kufika hamsini plasta ilikuwa imebanduliwa kwa ukucha kutoka kisanduku kimoja na kubandikwa tumboni mwa kingine. "Sabini na nane, mwanangu, usichoke!" Mia moja, visanduku vimebadilishana nafasi na mkoba umefungwa. Mia na ishirini, anapangusa meza kwa khanga.

Taa tatu, kijani.

"Umeona?" alisema Injinia, akimalizia maji.

"Nimeona."

Nisihukumu mimi. Nasema tu kwamba mama yule alilipia kisanduku alichoonyeshwa, akabaki na kisanduku alichoonyeshwa. Wangapi kati yenu mmewahi kupata kilekile mlichoonyeshwa? Kwenye kampeni, kwa mfano?

Saa kumi alipiga. Upande wa pili mkonga ulichukua muda kufika sikioni.

"Nani?"

"Ni mimi, Dada."

"Wewe mshenzi, nilishakuzika!"

"Ulilia?"

"Kidogo. Halafu nikakumbuka unadaiwa sufuria yangu."

Walicheka mpaka wakakohoa wote wawili.

Asubuhi yake simu ya Bi Opareta ilianza kuita, nayo haikunyamaza. Fundi cherehani, mwalimu mstaafu, mwuza mitumba: wote siku yao ya nane imefika. Bi Opareta alikaa wima, akarudi miaka thelathini nyuma kwa pumzi moja.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Aliwaambia ukweli ambao hakuna mtu mwenye mhuri aliyewahi kuwaambia: kisanduku ni kizima, laini ndiyo ya marehemu. Lete kitambulisho chako, tujaze fomu kwa jina lako, ada ya mwaka mzima haifiki bei ya viatu. Wakaja. Sebule ikajaa. Mwenye chochote alimletea chochote.

Mwenyekiti alipiga siku ya tatu, anafoka.

"Vyote vinne vimekufa! Unajua unaongea na nani?"

"Sijui, ndiyo maana kuna utaratibu. Njoo mwenyewe, panga foleni. Uje na picha mbili, nakala ya kitambulisho, na barua ya mwenyekiti wa mtaa."

"Mwenyekiti ni mimi!"

"Basi jiandikie. Na ada ya mhuri wako jilipe, usijionee huruma."

Alikuja. Alipanga foleni nyuma ya mwuza mitumba, visanduku vinne kifuani kama mtu aliyebeba watoto pacha mara mbili, na barua yenye mhuri mkononi. Watu walitoka mitaa mingine kumwona kiongozi kwenye foleni.

Injinia yeye alikuwa chumbani kwake, miguu juu ya katoni, akishangilia. Siku tatu hakuna mteja aliyelalamika! Kisanduku chake cha plasta kiko palepale, taa tatu za kijani. Siku ya nne ukimya ukaanza kumwasha. Siku ya tano alikwenda kwenye nguzo kuhakikisha karatasi zake hazijabanduliwa. Zipo. Siku ya sita, saa kumi kasoro dakika chache, alitoa simu ya mkononi akaipiga namba yake mwenyewe, huku anaitazama simu ya mezani mbele yake.

Ya mezani haikuita. Sikioni ikaita.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Injinia alikigeuza kisanduku. Plasta ipo. Akaikwangua. Ilibanduka kirahisi mno, kama kitu kilichokwisha kubanduliwa.

"Mama," alisema, koo limemkauka kweli safari hii. "Mama, hiyo namba ni yangu."

"Imeandikishwa kwa Mhandisi Mkuu. Nilipiga kampuni kuuliza. Wewe ndiye? Njoo na kitambulisho chenye jina hilo, nikukabidhi sasa hivi."

Injinia akakitazama kitambulisho cha shingoni.

"Au njoo hivyohivyo, mwanangu. Wateja wako wote wako hapa sebuleni. Nimewaambia unaweza kupiga, wamenyamaza wakusikie." Akasogeza mkonga, na Injinia akasikia pumzi za watu wengi, na ya mmoja aliyepumua kama kiongozi.

"Mama, namba hiyo ndiyo maisha yangu."

"Najua. Na mimi saa kumi ndiyo yangu, nawe ulitaka kuniuzia ya wiki moja tu." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma tarakimu. "Haya, kisanduku chako kinawaka?"

"Kinawaka."

"Kesho kutwa hakitawaka. Kikigoma, unajua utaratibu. Sasa niachie laini, Dada anangoja."

Ikakata.

Injinia alikaa. Nje watu walipita na magunia yao na mikokoteni, na kwenye nguzo iliyotazamana na dirisha lake namba yake iliendelea kumtangaza mtu mwingine. Kesho kutwa ilipofika, taa ya tatu ikazimika mbele ya macho yake. Kisha, kwa sababu hakuwa amejifunza dawa nyingine yoyote, alinyoosha mkono, akachomoa, akaanza kuhesabu.