Mpangishaji wa Valencia

Barnaby Tulk hakuwahi kukanyaga Uhispania hata kwa bahati mbaya, lakini Jumanne ile ya mwezi Machi alisimama mbele ya wanafunzi ishirini na watatu wa mwaka wa pili, akawasimulia jinsi maua ya michungwa ya Valencia yanavyonukia asubuhi. Alifumba macho kidogo alipofika kwenye harufu. Wasichana wawili wa mstari wa mbele nao wakafumba.

Katika chuo kile cha kaskazini mwa Uingereza, anayesomea lugha husoma miaka minne, na mwaka wa tatu huenda kuishi kwa wenye lugha. Mwaka wake wa tatu Barnaby aliuishi Skegness, mji wa pwani ya Uingereza hiyo hiyo, kwenye karavani la shangazi yake, akikaanga chipsi na kutazama mvua ikinyeshea bahari. Insha zake za chuo aliandikiwa na Mkolombia mmoja aliyeosha vyombo pale pale kwenye duka la chipsi, naye akalipwa samaki. Kwa hiyo Kihispania cha Barnaby kilikuwa na salamu, bia, na maneno machache ya kukubali kila kitu. Ukivuka hapo, umetumbukia shimoni.

Sasa alikuwa mwaka wa nne, miezi mitatu tu kabla ya kuvaa joho, na jambo moja lilimkosesha raha: ikijulikana kwamba hakwenda, shahada imekwenda na maji. Mtu mwingine angejifungia chumbani akasome. Barnaby aliamini kuwa mjini ni shule, na aliyehitimu shule hiyo hahitaji nyingine.

Mkuu wa Idara, Dakta Ottoline Speight, mama mrefu mwenye miwani ya kamba na sauti ya kutia adabu, alimshukuru kwa kuwapa wadogo zake moyo. Kisha akawavunja moyo mwenyewe.

"Ijumaa saa sita mchana nataka mkataba wa nyumba mezani kwangu," alisema. "Asiye na anwani ya huko haendi. Asiyekwenda anahamishiwa shahada ya miaka mitatu, na wazazi wake nitawaandikia mimi."

Watoto hawa walikuwa wameahirisha kutafuta nyumba tangu Oktoba, kama Waingereza wanavyoahirisha kwenda kwa daktari wa meno. Barnaby alizitazama nyuso zile zilizopauka, akahisi furaha aliyowahi kuihisi siku moja tu maishani, siku mashine ya sarafu ilipoharibika Skegness ikawa inatema.

Kesho yake alikuwa na meza kwenye mgahawa wa wanafunzi. Juu yake aliweka chungwa moja, alilolinunua dukani asubuhi ile na kulibandua kibandiko kilichosema limetoka Moroko.

"Kuna bibi mmoja kule, doña Remedios," aliwaambia waliomzunguka. "Alinipenda kama mwanawe. Ana vyumba vinne, dakika tano kutoka baharini. Hataki simu, hataki barua pepe, hataki madalali. Ananiamini mimi tu."

"Kuna birika la umeme?" aliuliza Jolyon Babbage, kijana mwekundu wa mashavu ambaye baba yake ana kiwanda cha mazulia. "Nimesikia Wahispania hawana birika. Wanachemshia maji ya chai kwenye sufuria."

Wenzake watatu waliguna kwa uchungu.

"Jolyon, ndugu yangu," Barnaby alisema, akimwekea mkono begani, "birika lipo, na nililinunua mimi."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa ubishi. Kwa ajili ya birika lisilokuwepo, ndani ya nyumba isiyokuwepo, ya bibi asiyezaliwa, vijana wanne wenye akili za kufaulu mitihani walilipa dhamana ya pauni mia tatu kila mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeomba picha. Kwa watu hawa kuomba ushahidi ni utovu wa adabu, na heri mtu atapeliwe kuliko kuonekana hana adabu.

Aliyebaki pale ni binti mmoja mfupi, aliyekumbatia jalada lenye vialama vya rangi nane. Gwenllian Prosser alitoka kwenye milima ya Welisi, kwao ni wafugaji wa kondoo, na alizungumza kama anayeomba ruhusa ya kila neno. Alimtazama Barnaby chini mpaka juu, akasema naye kwa Kihispania, haraka, kwa tabasamu, maneno yakishuka kama mvua ya mawe juu ya bati.

Barnaby alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyechekeshwa kwa lugha yake.

"Umeniweza, dada," alisema. "Lafudhi yako safi. Ila kazana na vitenzi."

"Asante, kaka," alisema Gwenllian kwa upole. "Nitakazana."

Alhamisi alimfuata tena. Barnaby alikuwa ameshaanza kuandika risiti za doña Remedios kwa mwandiko wa kizee.

"Kaka Barnaby, nina shida," alisema Gwenllian, akaketi ukingoni mwa kiti. "Nina nyumba Valencia. Kubwa. Vyumba vitano. Mwenyewe anaitwa doña Amparo."

"Ya kweli?" Barnaby aliuliza, na swali likamtoka haraka kuliko alivyopenda.

"Kuna za uongo?"

"Hapana, hapana. Endelea."

"Mimi nimepata nafasi Salamanca, nyumba siihitaji tena. Doña Amparo anatafuta mtu wa kuichukua yote, aweke humo wanafunzi anaotaka mwenyewe. Mtu mzoefu wa kule. Nikakufikiria wewe. Dhamana yake ni pauni elfu moja na mia mbili; nilishailipa mimi, kwa hiyo utanirudishia mimi."

Kichwani mwa Barnaby palikuwa na sherehe. Nyumba isiyokuwepo unaiuza mara moja, kisha unahama mji. Nyumba iliyopo unaipangisha kila mwaka, kizazi baada ya kizazi cha wajinga, na mji unakuamkia. Pauni elfu moja na mia mbili alikuwa nazo mfukoni, na wala si zake. Mungu akupe nini tena!

"Unanipa mimi, mgeni kwako, mali kama hii?" alisema. "Mdogo wangu, dunia itakumeza."

"Ndivyo mama anavyosema," alisema Gwenllian, akafungua jalada.

Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja, zote za Kihispania, zote zimebanana. Barnaby alizipitia akitikisa kichwa hapa, akiguna pale, na mara moja akasema "aha" kwenye ukurasa ambao, kwa kweli, ulikuwa na anwani tu. Simu yenye uwezo wa kutafsiri yote ilikuwa mfukoni mwake. Lakini aitoe vipi mbele ya mtoto wa mwaka wa pili, tena aliyemsahihisha vitenzi jana yake? Wapo watu waliokufa kwa njaa kwa sababu ya kuona haya, na wapo waliosaini.

"Umeusoma wote?" aliuliza Gwenllian.

"Hata yaliyo katikati ya mistari."

"Soma tena, kaka. Usije ukanilaumu."

"Msichana, nimekaa na watu hawa mwaka mzima."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili ya saini. Chini ya wa kwanza paliandikwa *arrendador*, na mtu alishasaini hapo kwa madaha. Chini ya wa pili paliandikwa *arrendatario*.

"Amparo amesaini hapa," alisema Barnaby, "na huyu wa pili ndiye mimi."

"Ukisaini, ndiye wewe," alisema Gwenllian.

Barnaby alifikiri jambo hilo kisomi. Maneno mawili, shina moja. Bila shaka la pili lilikuwa dogo la lile la kwanza: msaidizi wake, wakala wake, mtu wake wa mkono. Sisi tunaosema Kiswahili tungemhurumia, maana tunajua jinsi mpangaji na mpangishaji walivyo jirani mdomoni na walivyo mbali mwisho wa mwezi. Barnaby hakuwa na wa kumhurumia. Alisaini, akaipigia mstari saini yake, akatoa dhamana ya akina Jolyon na kuihesabia mkononi mwa binti wa wafugaji. Kisha akamnunulia chai, kwa sababu alimwonea huruma.

Ijumaa asubuhi Jolyon Babbage alimkumbatia Barnaby mlangoni pa Idara, jambo ambalo watu wa tabaka lake hulifanya msibani tu.

"Kaka, wewe ni mtu! Gwenllian katupa nakala za mkataba wa doña Amparo tuambatishe; anasema umetupatia nyumba kubwa kuliko ile ya doña Remedios. Sikujua umejitwisha nyumba yote kwa ajili yetu. Mpangaji mkuu! Kodi euro elfu moja na mia tano kila mwezi, miezi kumi na miwili, na wewe ndiye unayedaiwa!"

"Mpangaji nani?" aliuliza Barnaby.

"Wewe! Babangu anasema siku hizi hakuna vijana wa namna hiyo."

Barnaby alimkuta Gwenllian kwenye ngazi, anakula sandwichi ya jibini. Uso wake ulikuwa ule ule wa kuomba ruhusa, ila sasa Barnaby aliona kwamba ruhusa yenyewe hakuwahi kuingoja.

"Umeniingiza mjini!" alifoka.

"Nilikuambia usome. Mara mbili."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu Februari nilisaini kwa woga, nyumba nzima, peke yangu," alisema. "Baba aliuza kondoo arobaini kulipa dhamana ile. Doña Amparo akasema haniachii mpaka nilete mpangaji mwingine. Sikulala wiki tatu, Barnaby. Halafu nikakuona na chungwa lako, unawala wenzangu. Nikaja kukupima."

"Ulisema nini siku ile?"

"Nilisema kamba ya kiatu chako imefunguka, na kwamba wewe ni tapeli. Ukanisifu lafudhi."

Barnaby alitazama kiatu chake, japokuwa siku zilishapita.

"Ufute huo mkataba," alisema.

"Sio wangu tena. Mpigie doña Amparo, mweleze. Ni mama msikivu sana. Ila anajua Kihispania tu."

Akamalizia sandwichi yake, akakunja karatasi vizuri, akashuka ngazi. Mabegani mwake palikuwa pameshushwa kondoo arobaini, na alitembea hivyo.

Saa tano na nusu Barnaby aliitwa ofisini kwa Dakta Speight. Alikuta chai imemiminwa na biskuti mbili kwenye kisahani, na hofu ikamshika, kwa sababu mama yule hakuwahi kumkaribisha mtu biskuti bila sababu.

"Bwana Tulk, nimeguswa," alisema Dakta Speight. "Wanafunzi wanne umewaokoa. Mimi huwa nawapigia wenye nyumba wote kuhakikisha, na mwenye nyumba wako yuko kwenye simu sasa hivi. Anataka kukusalimu."

Akabonyeza kitufe, akaiweka simu katikati ya meza ili wote wasikie.

Sauti ya mama mtu mzima ikajaa ofisini, nene, changamfu, haina nukta wala mkato. Barnaby aliinamia simu na kutabasamu, kana kwamba simu ina macho. Alisikia "Barnaby." Alisikia "Gwenllian." Kisha sauti ikapanda mwishoni, ikatulia, na hata mtu wa Skegness aliweza kujua kwamba hapo ameulizwa swali.

Dakta Speight alikuwa anamtazama. Miaka minne ilikuwa inamtazama. Barnaby alikohoa, akashusha sauti mpaka tumboni, akajibu kwa madaha ya mwenyeji:

"Sí, claro!"

Doña Amparo akaangua kicheko, akacheka mpaka akaanza kukohoa, akaaga. Dakta Speight akakata simu, akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya skafu yake.

"Amesema Gwenllian alimwambia ukweli wote kukuhusu," alisema. "Akakuuliza kama ni wewe yule kijana asiyejua Kihispania hata kidogo. Umemjibu, ndiyo, bila shaka."

Barnaby alishika biskuti, akairudisha.

"Ulikuwa wapi mwaka wa tatu, Bwana Tulk?"

Kulikuwa na uongo mwingi mzuri uliokuwa umebaki, lakini wote ulihitaji Kihispania.

"Skegness," alisema.

"Jua lilikuwepo, angalau?"

"Hapana, Dakta."

Mama yule alivaa miwani yake, akavuta fomu, akaanza kuandika. Hakuonekana kuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Barnaby kuliko yote.

"Mtihani wa Mei hutaufanya," alisema akiendelea kuandika. "Joho utavaa mwakani, ukistahili. Mwaka wako wa ugenini nimeufuta, na utaufanya upya kuanzia Septemba. Kwa kawaida hapa ndipo ninapomwuliza mwanafunzi atakaa wapi." Akaziweka sawa kurasa kumi na moja, akamsukumia ng'ambo ya meza. "Wewe nyumba unayo."