Mzee Kibiwott Anauliza

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamua kuandika ukweli wote humu, kwa sababu kwingine siwezi kuusema. Naitwa Apondi. Nilimaliza kidato cha nne Novemba. Baba amesema mwezi huu ukiisha sina kazi ya kumwonyesha, nitaenda Siaya kwa shangazi kufuga kuku. Shangazi ana kuku mia mbili na haamini kompyuta.

Kazi ninayo, ila haina jina langu. Ni Ndama, programu huria ya kuweka rekodi za ng'ombe: lini amepandishwa, lini atazaa, lini alidungwa sindano. Mkulima yeyote anaichukua bure, na yeyote anayejua anaruhusiwa kuirekebisha. Sisi wa kujitolea hukutana mtaa wa Munyaka, sebuleni kwa Dada Jebet aliyeianzisha. Leo amesema maelezo ya matumizi yamekuwa kama stoo ya shule: kila mtu anatupa kitu na kufunga mlango. Jumamosi ya tarehe 15 atachagua msimamizi wa maelezo. Huyo ndiye atapanga kurasa na kuzichapisha kwenye tovuti, na jina lake litakaa ukurasa wa mbele.

Nimeandika kurasa kumi na moja, zimefuata maisha ya ng'ombe. Tyson, wa chuo kikuu, amepanga zake kwa alfabeti. Kwake ng'ombe anachinjwa, anakufa, anapandishwa, ndipo anazaliwa. Nilisimama niseme hivyo. Watu wakageuka. Nikauliza choo kiko wapi.

Jumatano, 5 Februari

Kurasa zangu zimesomwa mara nne. Zote ni mimi. Mara moja nilitumia simu ya Mama.

Tatizo nimelielewa. Maelezo yanahitaji mtu asiyeelewa. Kwa hivyo nimemfungulia mtu huyo akaunti kwenye tovuti yetu. Anaitwa Mzee Kibiwott, wa Cheptiret, miaka sabini, ng'ombe sita. Picha yake ni ya ng'ombe. Si uongo kamili. Cheptiret lazima kuna mzee kama huyo.

Saa nane mchana aliandika kwenye ukumbi wetu wa maswali: "Vijana, hamjambo. Ng'ombe yangu amezaa mapacha. Naandika mara moja ama mbili?" Nilimjibu kwa heshima, nikamwelekeza ukurasa wangu wa saba. Akanishukuru. Nilifurahi kweli, mpaka nikakumbuka.

Alhamisi, 6 Februari

Mzee ameuliza maswali matatu. Mawili Tyson aliyajibu kabla yangu, maana kutoka kwenye akaunti ya Mzee na kuingia kwenye yangu kunachukua muda, na bando inasuasua. Ilibidi Mzee amshukuru. Adabu ni adabu. Niliandika "Mungu akubariki sana kijana wangu" kwa vidole vyangu mwenyewe, halafu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi, 8 Februari

Hatari. Stephen, mwenzetu ambaye kwao ni hapa hapa Uasin Gishu, alimuuliza Mzee yeye ni wa rika gani. Wakalenjin wana majina ya marika. Mwanaume hupata lake akiingia jandoni, na ukilisikia unajua umri wake. Sisi ni Wajaluo wa mtaa wa Huruma. Ningemuuliza jirani yetu Mama Chepkorir, lakini Mama Chepkorir hujibu kwa sauti inayofika barabarani. Nikaandika Nyongi, jina nililowahi kusikia vijana wa bodaboda wakiitana.

Ndiyo shida. Ni la vijana. Ni rika la kaka yake Stephen, ambaye hata hajaoa.

Nilikaa nikingoja kuumbuliwa. Stephen akaandika kwamba hajacheka hivyo tangu Krismasi, na kwamba Mzee akipata nafasi aje watafutiwe mabibi pamoja na kaka yake. Sasa wote wanampenda. Mimi sijawahi kumchekesha mtu kwa kukusudia.

Jumanne, 11 Februari

Mzee alitoa maoni kuhusu mpangilio wa kurasa. Alisema mkulima hatafuti herufi, anatafuta pale alipo na ng'ombe wake asubuhi hiyo. Akasifu kurasa za "yule msichana Apondi". Dada Jebet amechapa maoni hayo kwenye karatasi na kuyabandika ukutani. Anasema hatimaye tumepata mtu anayefikiria. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika Januari, juu kabisa ya ukurasa wangu wa kwanza.

Halafu Dada Jebet akamwandikia Mzee faraghani, kumwomba awe msimamizi wa maelezo.

Nilikataa kwa niaba yake. Nilisema macho yake hayaoni vizuri. Dada Jebet akajibu kwamba unyenyekevu kama huo ndio alikuwa akiutafuta. Sikuona njia nyingine. Nikaandika kwa akaunti yake kwamba ni mgonjwa, hatoki kitandani.

Jumatano, 12 Februari

Kosa kubwa. Nilidhani watamwandikia pole na kumsahau. Nilisahau naishi na watu gani. Hapa mgonjwa hatumiwi pole tu, anatembelewa. Kufikia saa nne asubuhi kulikuwa na orodha: sukari, mkate, majani chai, unga. Tyson ataleta blanketi. Tunaenda Ijumaa. Jina langu ni la kwanza kwenye orodha, kwa sababu Mzee ananipenda.

Ijumaa, 14 Februari

Ndani ya gari la Dada Jebet nilijaribu kukiri mara mbili. Mara ya kwanza Stephen alidhani nataka kutapika, akanifungulia dirisha. Mara ya pili tulikuwa tumefika.

Tuliposimama dukani, Dada Jebet aliuliza kwa Mzee Kibiwott ni wapi. Mwenye duka akauliza yupi. Akaambiwa yule mgonjwa. Akasema ah, wa mguu, akaonyesha njia.

Yupo. Ana ng'ombe tisa na mguu uliovimba. Alitupokea bila kuuliza tumefuata nini, maana mgeni haulizwi hivyo kabla ya chai. Tyson alimfunika blanketi. Stephen alimwita ndugu wa rika la kaka yake, na Mzee akacheka mpaka akakohoa, akauliza huyu kijana ni wa nani na kwa nini hakuchapwa akiwa mdogo. Dada Jebet akamuuliza kama ni yeye huandika kwenye mtandao. Mzee alifikiri. Akasema inawezekana, wajukuu wake wamemsajili kwa vitu vingi.

Kisha akaomba simu aone hiyo kitu tunayoiongelea. Alipitia kurasa zetu taratibu, akauliza swali. Kuna ng'ombe ambaye si wake. Rafiki amemwachia amtunze: maziwa ni ya Mzee, ndama ni wa rafiki. Huyo anaandikwa wapi? Anao watatu wa namna hiyo, na wawili wake wako kwa watu wengine. Boma zima ni hivyo.

Hatukuwa na ukurasa. Programu yenyewe haina nafasi ya ng'ombe mmoja kuwa na wenyewe wawili.

Tukiondoka Mzee alinishika mkono, akasema nimekunywa vikombe vitatu na sijasema neno.

Jumamosi, 15 Februari

Mzee alimpigia Dada Jebet asubuhi. Usimamizi alioombwa tena tukiagana ameukataa, hajui hata ni wa nini. Lakini amesema wampe yule msichana aliyenyamaza, awe anakuja Cheptiret kila Ijumaa na daftari, amuulize yeye na majirani, maana maswali wanayo mengi.

Dada Jebet amekubali, kwa sharti hilo hilo. Jina langu liko ukurasa wa mbele. Tyson amenipa mkono. Baba amelisoma mara tatu, akampigia shangazi amwambie atafute mtu mwingine wa kuku.

Dada Jebet aliniweka kando. Akanieleza kwamba swali moja la mkulima wa kweli linatufaa kuliko kurasa kumi za kubahatisha mezani. Maneno hayo nimeyaandika hapa nisije nikasahau.

Jumapili, 16 Februari

Nimewaza wakati wote wa ibada. Ijumaa nitalazimika kuuliza watu maswali, uso kwa uso. Na majirani. Siwezi.

Lakini nimepata njia. Mchana huu nimemfungulia akaunti mke wa Mzee. Anawajua ng'ombe wote wa kuachiwa, na anaandika vizuri kuliko mumewe. Ameuliza maswali matano, nimeyajibu yote, na ukurasa wa ng'ombe wa kuachiwa umechapishwa saa kumi kamili, chini ya jina langu.

Sijui kama Mzee ana mke. Sikuuliza.