Meza ya Kukunja na Jiko la Marehemu Baba

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeshtuka. Nimekunywa chai mara mbili na bado nimeshtuka.

Laban, mume wa dada yangu Ann, ametuma picha kwenye kundi la familia. Amesimama kando ya jiko la kuchomea nyama. Jipya. La gesi. Lina magurudumu na kifuniko kinachong'aa. Chini ya picha ameandika kwamba Jumamosi, kwenye ntheo ya Mutanu, tusijisumbue. Atachoma yeye.

Atachoma yeye! Tangu Baba afariki, hakuna mbuzi wa familia hii aliyechomwa na mtu mwingine isipokuwa mimi. Kule kiwandani EPZ kazi yangu ni kukagua vifungo vya mashati. Kanisani nakaa nyuma. Nyumbani mke wangu Mumbua ndiye anayeshika rimoti. Lakini palipo na moto na nyama, hata kaka yangu mkubwa Bartholomew husimama na sahani akinisubiri. Hicho ndicho cheo changu, na sina kingine.

Tena ntheo si birthday. Upande wa mvulana wanaleta mbuzi nyumbani kwa msichana, mmoja anachinjwa, pande zote mbili zinakula, na kuanzia hapo Mutanu ni mke wa mtu. Anayemchoma mbuzi huyo wakwe watamkumbuka.

Nikajibu kwenye kundi kwamba nitakuja na jiko la marehemu Baba, likiwa limefanywa upya. Bartholomew, ambaye ndiye baba yake Mutanu, akasema kila mtu amwambie Ijumaa jioni kama jiko lake liko tayari. Mumbua akaniuliza ni jiko gani, lile kuku wanalotaga ndani yake? Ndilo hilo.

Jumanne, 5 Agosti

Niko likizo wiki hii. Nimenunua meza ya kazi ya kukunja.

Nilitazama video. Fundi anasugua jiko likiwa juu ya meza, mgongo wake umenyooka, shati lake safi. Baba alifanya kazi zake chini, magoti kwenye vumbi, na mgongo ukamsumbua mpaka mwisho. Mimi siinami.

Othman, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na meza tatu. Moja ya chuma, nzito, ya kubebwa na watu wawili. Moja ya mbao. Na moja ya bluu, ya plastiki ngumu, inayokunjwa ikawa kama sanduku, na ina mpini. Mpini wenyewe ni mzuri sana.

Othman akauliza nataka kuweka nini juu yake. Swali la hatari hilo. Laban hununua misumari hapo hapo. Nikisema jiko, kabla ya chakula cha mchana habari itakuwa imemfikia. Nikasema ni ya kutengenezea fremu za picha. Basi Othman akaniambia nichukue ya bluu, maana ya chuma ni ya wachomeleaji, nitajichosha bure. Akaongeza maneno mengi kuhusu komeo za miguu. Nilikuwa naangalia mpini.

Jumatano, 6 Agosti

Sijapona mshtuko. Khadija, mke wa Othman, amekutana na Mumbua sokoni na kumpongeza kwa kuolewa na mume anayejali. Fremu! Mumbua amerudi nyumbani na mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi, chakula ninachokipenda, na parachichi kubwa. Ameniita Aloys. Tangu binti yetu Carol azaliwe mimi ni Baba Carol tu. Anaamini natengeneza fremu ya picha yetu ya harusi.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini, na muthokoi uko mezani?

Hata hivyo, kazi imeanza vizuri. Meza ina vibao viwili juu ambavyo ukizungusha mkono wa pembeni vinasogeleana na kubana kitu. Nikabana wavu wa jiko katikati yake. Nikausugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, hadi kutu yote ikaisha. Wavu haukutikisika. Nilipiga mluzi. Mumbua akapita akauliza wavu unahusianaje na fremu. Nikamwambia naijaribu meza kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekimbia kuliko nilivyokimbia mwaka mzima.

Leo ilikuwa zamu ya jiko lenyewe. Ni nusu ya pipa, lililokatwa kiunoni, lenye miguu ya vyuma vya reli. Baba hakupenda vitu vyepesi. Nikafukuza kuku. Nikalisukuma, nikalivuta, nikaliinua juu ya meza kwa kifua. Meza ikasema kitu. Nikarudi nyuma kidogo nilipende.

Miguu ya meza ikajikunja yote kwa pamoja, bila haraka, kama mtu anayekaa. Jiko likaanguka, miguu yake yote ikang'oka, pipa likaanza kubingirika. Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Lilipita kuku, likapita nguo za Mumbua kwenye kamba, likatoka langoni na kushuka barabarani. Mimi nyuma yake na ndara moja.

Lilisimamishwa na mtu. Kwa kiatu. Laban!

Alisema alikuwa anapita tu. Hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Alinisaidia kulipandisha. Tulipoligeuza, tukaona miguu yetu kupitia tako lake. Kutu ilikuwa imelila lote, na mayai ndiyo yaliyokuwa yakiziba. Kisha Laban akainama kwenye meza yangu akauliza, kwa upole kabisa, kama nilisukuma komeo za miguu. Komeo gani?

Akasema anaweza kumwita mchomeleaji anayemjua. Nikamwambia asante, shemeji, kila kitu kiko kwenye mpango.

Mpango haukuwepo. Niliuandaa nikioga.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango ni huu. Jiko ni nini? Ni kitu kinachoshikilia wavu juu ya makaa. Nina wavu, safi kuliko sahani. Nina meza inayobana wavu bila kutikisika. Makaa yatakaa kwenye karai chini ya meza. Komeo sasa nazijua. Plastiki ni ngumu, Othman mwenyewe alisema.

Jioni nikampigia Bartholomew simu. Nikamwambia jiko la Baba liko tayari, ila limepunguzwa uzito. Akasema na la Laban liko tayari, basi wazee wataamua. Mumbua akauliza fremu imefikia wapi. Nikasema gundi inakauka.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumerudi kutoka Kola, nyumbani kwa Bartholomew. Sijui nianzie wapi.

Nianzie pazuri. Laban alifungua kifuniko, akawasha gesi kwa kidole. Mzee mmoja wa upande wa mvulana akauliza makaa yako wapi. Laban akasema hayahitajiki. Mzee akasema mbuzi wa ntheo hapikwi kama chai. Wazee wetu wakaitikia kwa vichwa. Bartholomew akanigeukia mbele ya wote akasema, Aloys, leta jiko la Baba.

Nilikunjua meza. Nikasukuma komeo, zote nne, kwa sauti, ili Laban asikie. Nikabana wavu. Nikasogeza karai la makaa chini. Nikapanga mapaja yote mawili na mbavu. Watu wakasogea karibu waone. Mutanu alikuwa anatabasamu, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha kabisa.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kisha vibao vya bluu vikaanza kulegea na kudondoka matone. Komeo hazikuachia hata moja, niseme ukweli. Juu ndiko kulikoyeyuka. Wavu ukaenda, mapaja yakaenda, mbavu zikaingia kwenye majivu na plastiki. Wakwe walisimama. Mutanu alifunika uso kwa mikono na mabega yakawa yanatetemeka. Aliyeniumiza ni huyo, kwa sababu hakuwa anacheka.

Bartholomew akaamuru mbuzi mwingine achinjwe. Akaleta mawe matatu, akaweka wavu wangu juu yake, na kumpa Laban kisu. Laban akavua koti, akapiga magoti kwenye vumbi, akachoma. Nyama ilikuwa tamu. Nilikula mara mbili nikitafuta kasoro. Wakwe wakamshika mkono, Mutanu akacheka tena, ntheo ikapita.

Mimi nilipewa kazi ya kufukuza mbwa.

Jumapili, 10 Agosti

Mumbua amerudi kuniita Baba Carol. Ameikuta picha ya harusi pale pale ilipokuwa, kwenye droo. Chakula kilikuwa chai.

Bartholomew amesema kwenye kundi kwamba Desemba familia itakutana tena, na Laban atachoma. Atachoma kwa wavu wangu! Nimefikiri ibada nzima. Kosa lilikuwa rangi. Bluu haivumilii moto.

Baada ya ibada nikapita kwa Othman. Ana meza mpya, nyeusi, nyepesi, na mpini wake ni mzuri kuliko ule wa kwanza. Akauliza safari hii ni ya kuweka nini juu yake. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Laban hakuwepo, lakini huwezi kujua.

Nikamwambia ni ya kupigia pasi.